Jescah na Pakiti Alizozichoma

Ukishuka Khwisero siku ya soko na kuuliza duka la mbegu, utaonyeshwa maduka matatu kwa kidole. Ukiuliza duka la Mama Mitchel, utashikwa mkono upelekwe, na anayekupeleka atakusimulia njiani jinsi ndama wake alivyopona kuhara. Mama Mitchel huyo jina lake ni Jescah Awinja. Mitchel ni binti yake wa kwanza, anayefanya kazi mjini Kakamega na kukaa Amalemba, na ambaye hupiga simu kila Jumapili kuuliza kama mama amekula.

Jescah hakuzaliwa Khwisero. Alizaliwa Ekero, kwenye miwa, katika nyumba ambayo watoto walijua umri wa shamba kabla hawajajua umri wao. Alipoolewa na Willis akaletwa huku, alizunguka nyuma ya nyumba ya mama mkwe akitafuta shamba. Akaambiwa, si ndilo hilo unalolikanyaga? "Mama," alisema, "kwetu hapa pangekuwa njia ya trekta tu." Mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini, na tangu siku hiyo wakapatana.

Udogo huo wa mashamba ndio ulioleta mambo yote haya, kwa hiyo tuuelewe kwanza. Mbegu ya mahindi huja dukani ikiwa imefungwa kwenye pakiti ya kilo mbili. Sasa mchukue mtu kama Maximilla, mjane anayekaa karibu na soko, ambaye kila mtu humwita Kukhu, yaani nyanya. Shamba lake linaanzia kwenye ua wa lantana na kuishia ukutani mwa choo. Kilo moja inamtosha na kubaki. Kilo mbili atazipeleka wapi? Mbegu ya duka haiwekwi mpaka mwaka ujao, na haipikwi, maana imepakwa dawa nyekundu ya kuua wadudu.

Kwa hiyo Jescah alikuwa na utaratibu wake. Mwezi wa Machi, mwanamke akiingia dukani, swali la kwanza halikuwa "unataka nini?" Lilikuwa "leo ni wewe na nani?" Pakiti moja, watu wawili. Wawili hao walisimama mbele ya meza, bega kwa bega, kama watu wanaofunga ndoa. Jescah aliweka pakiti katikati. Alikwangua stika ya nyuma kwa ukucha wa kidole gumba, akaituma kwa simu namba ya uhakiki iliyofichwa chini yake, na wote watatu wakangoja. Simu ikilia alisoma kwa sauti: "Imesema ni mbegu halisi. Mmesikia?" Wakasema wamesikia. Ndipo alipokata mdomo wa pakiti kwa makasi na kuanza kupima kwa kikombe cha chai: kimoja kwako, kimoja kwake, kimoja kwako, kimoja kwake, kila kikombe kikisawazishwa juu kwa rula.

"Mama Mitchel, unapima mbegu kama dawa ya kikohozi!" Huyo ni Shikanga, mwendesha bodaboda aliyependa kukaa kwenye benchi la nje akingoja abiria na kuongea. Yeye hakununua nusu hata siku moja. Alinunua pakiti nzima, na akishapanda aliitundika ile pakiti tupu juu ya kijiti mwanzo wa shamba, picha ya gunzi ikitazama barabara, ili wapitao wajue Shikanga amepanda mbegu gani.

"Wewe nyamaza," wanawake walimjibu. "Shamba lako linakuanga na bendera, halafu Agosti unakuja kwetu kuomba unga."

"Bendera ni heshima, mama. Hata serikali iko nayo."

Na pakiti iliyokatwa, je, ilienda na nani? Haikuweza kwenda na yeyote, maana wanawake wawili hawawezi kubeba pakiti moja, na ukimpa mmoja, mwingine atauliza kwa nini si yeye. Ilibaki dukani. Mwaka mmoja Jescah aliziacha hizo pakiti kwenye pipa la nyuma, mama fulani akaokota moja akaweka chumvi ndani, na mtoto wa nyumba ile akatapika siku mbili. Tangu hapo, kila Jumamosi saa kumi Jescah alizikusanya, akazipeleka shimoni nyuma ya duka, na kuzichoma mwenyewe, akizigeuza kwa ufito mpaka hakuna kilichobaki ila majivu. Hakumwachia mtu mwingine kazi hiyo.

Neno moja zaidi, kisha twende. Sheria inasema mbegu iuzwe ikiwa imefungwa. Kufungua pakiti na kupima hakuruhusiwi. Jescah alilijua hilo, liliandikwa kwenye leseni aliyoitundika ukutani juu ya kichwa chake. Aliuza hivyo miaka kumi na miwili chini ya leseni hiyo hiyo, na hakuna shamba hata moja lililomlalamikia.

Mwaka huu tunaouzungumzia, redio ilisema mvua ndefu haitakuwa ndefu. Watu wakashauriwa kupanda mbegu ya haraka, ile inayokomaa kabla ya mvua kukatika. Kila mwanamke aliyeingia dukani alitaka hiyo hiyo. Jescah aliagiza mzigo kwa Hezekiah, muuzaji wake wa jumla mjini Kakamega. Ulikuja ukiwa na pakiti ishirini na saba za mbegu ya haraka. Moja akaichukua Shikanga. Ishirini na sita zikakatwa mezani, zikapimwa kwa kikombe, zikaenda kwenye mashamba hamsini na mawili. Jumamosi ya kwanza akachoma kumi na nne. Jumamosi ya pili akachoma kumi na mbili.

Mvua ilishuka katikati ya Machi, mvua tulivu, ya kunyesha jioni na kukata asubuhi mtu apate kulima. Watu walipanda mahindi na maharagwe pamoja kama kawaida. Ungefikiri mwaka umeanza vizuri.

Maximilla alikuja dukani siku ya kumi na moja. Hakuingia. Alisimama pembeni mwa mlango akaacha wenye haraka watangulie, mmoja akanunua dawa ya kupe, mwingine chumvi ya ng'ombe. Duka lilipobaki tupu ndipo alipokaribia.

"Mulembe, Mama Mitchel."

"Mulembe, Kukhu. Karibu."

"Nauliza tu. Hii mahindi yako ya mwaka huu, inakuanga na usingizi?"

Jescah alicheka. "Siku ngapi sasa?"

"Kumi na moja."

"Ni kwale hao, Kukhu. Kwale wa mwaka huu ni wengi, wanafukua mbegu kama watu waliotumwa."

"Kwale akila anaacha shimo," alisema Maximilla. "Hii udongo iko vile nilifunika na mguu wangu."

Jescah alifunga duka mchana huo, jambo ambalo halifanyiki siku ya kazi, wakaenda pamoja. Shamba lilikuwa limelimwa vizuri, mistari imenyooka. Maharagwe yalikuwa yametoka, majani mawili mawili, mabichi, yanang'aa. Kati ya maharagwe, pale mahindi yalipotakiwa kuwa, palikuwa na udongo mtupu. Jescah alichuchumaa akafukua kwa kijiti. Mbegu aliikuta pale pale ilipowekwa, bado nyekundu. Aliiminya kati ya vidole viwili, ikapasuka ikatoa ute mweupe kama uji uliolala. Akafukua ya pili, akafukua ya tatu. Alifukua mstari mzima akiwa amechuchumaa, huku Maximilla akimfuata nyuma na kurudisha udongo kwa unyayo, taratibu, kama kwamba bado kuna kitu cha kufunikwa.

"Labda ni shamba langu tu," Maximilla alisema.

Halikuwa lake tu. Kufikia Ijumaa Jescah alikuwa ametembelea mashamba kumi na tisa, na kote maharagwe yametoka na mahindi hayapo. La Shikanga pia. Lile gunzi la kwenye pakiti lilikuwa juu ya kijiti, limenona, linatazama barabara, na chini yake hakuna hata jani.

"Shemeji," Shikanga alimwambia, na siku hiyo hakuwa na utani, "sasa tutafanya nini?"

Hilo ndilo swali, na jibu lake lilikuwa na siku zake. Kule Khwisero mahindi ya haraka yakiingia ardhini kabla ya mwisho wa Aprili, mtu bado anaweza kuvuna. Baada ya hapo mvua itayakimbia yakiwa bado yanabeba. Kwa hiyo Jescah alihitaji mbegu nyingine, pakiti ishirini na saba, na alikuwa na wiki nne za kuipata.

Alijaribu njia ya karibu kwanza. Alipiga simu Butere, akapiga Mumias, akapiga Luanda. Kote mbegu ya haraka ilikuwa imekwisha, maana redio ilisikika kila mahali. Iliyobaki ni ile ya nyanda za juu, inayokaa shambani miezi minane, ambayo huku ukiipanda utavuna majani. Alijaribu kurudisha pesa. Baadhi walipokea. Maximilla aliishika ile noti, akaigeuza upande huu na ule, akamrudishia.

"Hii nayo nitaifunika na udongo itoke?"

Basi Jescah akapanda gari kwenda Kakamega. Hezekiah alimpokea vizuri, maana wamefanya biashara siku nyingi. Alimwitia chai, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Halafu akatabasamu kama mtu aliyepewa hesabu rahisi.

"Mama Mitchel, umenitisha bure. Hii kitu iko na njia yake. Niletee pakiti. Pakiti na stika yake. Mimi napeleka kwa kampuni, kampuni inatoa zingine. Hata hawatabishana."

"Sina pakiti."

"Za wateja, basi. Waambie wakuletee."

"Hawana. Nilizifungua mimi."

"Sawa, wewe ndiye uko nazo."

"Nilizichoma."

Hezekiah aliweka kikombe chini. "Ulichoma nini?"

"Pakiti."

"Zote?"

"Huwa nachoma kila Jumamosi."

Hezekiah akacheka, cheko fupi, halafu akaona anacheka peke yake. Alitazama nje, kule vijana wake walikokuwa wakishusha mbolea. "Watu wanatupa," alisema. "Watu wanaezeka nazo banda ya kuku. Watu wanawekanga simu ndani isinyeshewe. Wewe ndiye mtu wa kwanza najua anachoma." Hakusema kwa ubaya. Akachukua simu mbele yake akapiga kampuni, akawaeleza, akawabembeleza. Wakaahidi kutuma mtu.

Mtu huyo alichukua siku kumi na mbili kufika. Siku kumi na mbili, na kila jioni mvua inanyesha bila kukosa, mvua ya kupandia. Mashamba ya waliopanda mbegu nyingine yalianza kuonekana ya kijani kutoka barabarani. Wanawake wa Jescah waliendelea kupita dukani. Hakuna aliyemfokea. Walisema mulembe, wakauliza "wamesema nini?", akawajibu "wanakuja," wakasema "Mungu ni mwema," wakaenda. Jescah alianza kuomba moyoni atokee angalau mmoja wa kumtukana.

Asubuhi ya siku ambayo mtu wa kampuni alitazamiwa, Willis alikuwa mlangoni akipaka viatu rangi. Willis ni karani kwenye ofisi za serikali pale pale Khwisero, mtu wa mafaili, na sheria anaijua kwa namba za vifungu.

"Jescah," alisema bila kuinua kichwa, "usimwambie ulifungua."

"Nitamwambia nini?"

"Sema wateja walipoteza pakiti."

"Watu hamsini na wawili, wote wapoteze?"

"Watu hupoteza vitu."

"Willis."

"Ukisema ulifungua, huyo kijana ataandika. Akiandika, itasomwa. Mimi nakaa ofisini, najua karatasi ikishaandikwa haigeuki." Aliinua kiatu akakitazama. "Sijakuambia udanganye. Nimekuambia usianze wewe."

Kijana alikuja kwa pikipiki ya kampuni, buti zimejaa tope. Aliitwa Kibet, mtu wa kanda nzima ya magharibi, na alikuwa na adabu. Aliwasalimia wanawake waliokuwa wamekaa kwenye benchi na kwenye nyasi, mmoja mmoja, akiinama. Aliomba apelekwe mashambani, akaenda mashamba manane kwa miguu. Alifukua, akapiga picha, akaweka mbegu zilizooza kwenye vifuko vidogo akaviandika kwa kalamu. Kwa Maximilla alichuchumaa muda mrefu. "Udongo hauna shida," alisema. "Maharagwe yako ni mazuri, Nyanya." Wanawake walitazamana. Mmoja akanong'ona, "Huyu ameletwa na Mungu," na Jescah, kwa mara ya kwanza tangu Machi, alihisi njaa.

Walirudi dukani. Kibet akakaa upande wa pili wa meza ya kupimia, akafungua fomu.

"Sasa, mama, namba za stika. Pakiti ziko wapi?"

Jescah alimwambia. Alimwambia yote: watu wawili wawili, makasi, kikombe, mtoto aliyetapika, shimo la Jumamosi. Alipofika kwenye makasi, Kibet aliacha kuandika. Alipomaliza, kijana aliiweka kalamu chini akaegemea nyuma.

"Mama," alisema polepole, "hiyo ya kufungua, nisikie ama nisisikie?"

"Usiposikia itakuwaje?"

"Nisiposikia, fomu inabaki bila namba. Fomu bila namba naenda nayo tu, hakuna kitu wataangalia. Nikisikia, kuna mahali pa kuandika maelezo. Pengine mtu huko juu atasoma, aone ni watu wengi, aseme wasaidiwe. Pengine. Lakini ataona pia ulifungua."

Jescah aliangalia nje. Maximilla alikuwa amekaa mbele, mikono juu ya magoti. Kwenye nyasi wengine walikuwa wamevua viatu vya tope.

"Sikia," alisema.

Kibet akaandika. Halafu Jescah akakumbuka simu yake, akaitoa kwa haraka kama mtu aliyeona mlango. "Ujumbe ninao! Kila stika niliituma kabla sijakata. Hesabu mwenyewe, zote ishirini na sita. Zinasema mbegu halisi. Namba ziko humo."

Kijana alizisoma zote, akiteremsha kidole taratibu. Alipofika mwisho alirudisha simu kwa mikono miwili.

"Hizi ndizo mbaya zaidi," alisema.

"Mbaya vipi?"

"Zinasema pakiti ilipofika kwako ilikuwa sawa. Halafu wewe ukafungua. Wale wa ofisi hawatauliza mbegu iliharibikia wapi kabla ya kuja hapa. Watauliza ilifanywa nini baada ya makasi. Na baada ya makasi kulikuwa na wewe tu."

"Mimi nilipima tu."

"Mimi nakuamini, mama. Lakini mimi ni mtu wa pikipiki."

Ndipo Shikanga alipoingia akihema, amebeba kijiti chake begani na pakiti imepigiliwa msumari juu. Watu wakacheka, hawakuweza kujizuia. "Hii haijafunguliwa na mtu isipokuwa mimi!" alipiga kelele. "Na shamba yangu ni kipara! Angalia hiyo namba, bosi. Hii si ni ushahidi ya wote?"

Kibet aliing'oa ile pakiti kwa uangalifu. Stika ilikuwepo, imefifia kwa mvua lakini inasomeka. Akaandika namba yake. "Yako utalipwa mbegu," alimwambia Shikanga. "Kilo mbili."

"Na hawa?"

"Pakiti moja ni pakiti moja, ndugu yangu."

"Lakini zilitoka kwa gunia moja! Mbegu ni moja!"

"Mimi nimeandika hivyo pia," alisema Kibet, na ni kweli aliandika. Aliondoka bila kunywa soda aliyowekewa.

Mbegu ya Shikanga ilikuja baada ya wiki moja. Ya wengine haikuja. Jescah alipiga namba ya kampuni kila asubuhi, akaambiwa na mashine abonyeze moja, abonyeze tatu, angoje. Binti mwenye sauti nzuri alimwambia suala lake linashughulikiwa. Siku nyingine binti huyo huyo alimwambia mbegu iliyokwisha kutolewa kwenye udongo haiwezi kupimwa maabara. Hezekiah alijaribu mara mbili zaidi, kisha akaacha kushika simu. Na kama ile mbegu ilikufa kwenye ghala, au kwenye lori, au ilikuwa ya zamani ikavikwa pakiti mpya, hakuna mtu Khwisero aliyepata kujua.

Jioni ambayo mbegu yake ilifika, Shikanga alikuja dukani akiwa ameishika kwapani, imefungwa, mpya. Hakukaa kwenye benchi.

"Shemeji, nimefikiria nigawe. Nikahesabu, watu hamsini na wawili. Kila mtu atapata kiganja. Kiganja itapandwa wapi?"

"Panda, Shikanga."

"Watanichukia."

"Hawatakuchukia. Una watoto. Panda kesho, mvua isikupite."

Alipanda. Safari hii hakutundika kitu.

Mwisho wa Aprili walikuja watu wawili wa idara ya ukaguzi wa mbegu, mwanamume na mwanamke, na karatasi. Walizungumza naye kwa upole kama Kibet, hata zaidi. Walimweleza kifungu, ambacho Willis alikuwa amemweleza tayari. Walisema kwa kuwa alisema ukweli mwenyewe hatapelekwa mahakamani. Dawa za mifugo anaweza kuuza, majembe na chumvi ya ng'ombe pia. Mbegu, hapana. Mwanamke alipanda juu ya kiti akaiteremsha leseni ukutani, akapangusa vumbi la kioo kwa kiganja kabla ya kuitia kwenye mfuko. Jescah alimshikia kiti asianguke.

"Na wateja wangu?" aliuliza. "Hii karatasi yenu inasema nini juu yao?"

Walitazamana. Mwanamume akafungua karatasi kana kwamba huenda kuna ukurasa asioukumbuka. "Hii ni ya muuzaji, mama. Ya wakulima ni ofisi nyingine."

"Ofisi gani?"

"Wataenda kwa kampuni."

Siku mbili baadaye Jescah alisikia kwamba Maximilla anapanda tena. Alifunga duka, akachukua jembe kutoka kwenye yale ya kuuza, akaenda. Hakuwa ameitwa. Alimkuta Maximilla na mke wa mjukuu wake, Khalayi, wamesimama mwanzo wa shamba na bakuli la mahindi ya kienyeji. Yalitoka kwenye magunzi machache yaliyokuwa yakining'inia juu ya moshi jikoni, mengine yametobolewa na fukusi. Walikuwa wamepukuchua kila kitu. Maharagwe sasa yalifika magotini na kuanza maua, kwa hiyo mashimo yangepita katikati yake kwa uangalifu. Kila mtu pale alijua siku zimepita. Mahindi yale yangetoka, yangesimama, na kama redio ilisema kweli, mvua ingeyaacha njiani.

"Mulembe, Kukhu. Nimekuja kusaidia."

"Mulembe, mama. Asante." Maximilla alitazama jembe jipya, akatazama lile bakuli. Jescah alinyoosha mkono alipokee, kwa kuwa yeye ndiye mgeni, na mgeni huachiwa kazi nyepesi.

Sasa, kule, anayeangusha mbegu shimoni hachukuliwi ovyo. Watu husema mkono wa fulani huotesha na mkono wa fulani hulaza, na familia ikishajua mkono wake, haibadilishi. Hawalisemi sana, wanapanga tu nani atasimama wapi.

Maximilla hakumpa bakuli. Alilipeleka kwa Khalayi, taratibu, kama anayepitisha kikombe cha chai moto juu ya kichwa cha mtoto.

"Wewe mama uko na nguvu," alimwambia Jescah, na sauti yake ilikuwa ya upendo kabisa. "Wewe chimba. Huyu ataangusha, mimi nitafunika."

Jescah alisema sawa. Alijua kilichosemwa, na alijua hakuna pa kukijibia. Ndani ya maneno yale hamkuwa na tusi la kumrudishia mtu, wala kosa la kuombea radhi. Alikunja leso kiunoni, akaingia kati ya maharagwe, akaanza kuchimba, shimo, hatua, shimo, akijihadhari asikate maua. Nyuma yake alisikia mbegu zikianguka mbili mbili, na nyuma ya mbegu, unyayo wa Maximilla ukifunika. Mawingu yalikuwa yakikusanyika upande wa Butere, mazito, ya mvua nzuri.

"Usiende mbio," Khalayi alimwita. "Tunakuchelewesha?"

"Hapana," alisema Jescah. "Njooni tu."

Alifika kwenye ukuta wa choo, akageuka, akaanza mstari wa pili.